Kuonyesha upumuaji wa seli bila oksijeni: hamira, glukosi na maji ya chokaa

Jaribio hili linaonekana jepesi kwenye karatasi, lakini darasani hugoma mara kwa mara, na karibu kila mara hamira haina kosa. Kosa huwa kwenye joto au kwenye maji ya chokaa.

Andaa chupa mbili za kioo zenye mdomo mwembamba, vizibo vya mpira vilivyotobolewa, mirija ya dripu ambayo haijatumika, testyubu mbili, hamira ya chenga, glukosi ya unga na mafuta kidogo ya kupikia. Sukari ya mezani inafaa pia, ila hamira hulazimika kuivunja kwanza kuwa glukosi na fruktosi, kwa hiyo utasubiri zaidi. Ukiweza, nunua glukosi.

Hatua ya 1: Maji ya chokaa, siku moja kabla

Tia kijiko cha chai cha chokaa iliyokwisha kuzimwa kwenye lita moja ya maji baridi, funga, tikisa, acha ilale hadi kesho. Maji ya moto hayasaidii: uwezo wa chokaa kuyeyuka hupungua kadiri maji yanavyopata joto, na hata kwenye maji ya kawaida ni takriban gramu 1.7 tu kwa lita. Mimina yale masafi ya juu taratibu, chuja, funga kabisa. Yasiguse macho, yanaunguza.

Maji haya hugeuka meupe yakikutana na hewa ya ukaa (kaboni dioksidi), gesi ambayo hamira hutoa na ambayo imo pia kwenye pumzi yako. Yajaribu kabla ya kuyategemea. Puliza kwa mrija kwenye mililita chache; yakikaa meupe kama maji yaliyotiwa maziwa, ni mazima. Yasipobadilika, chokaa yako imezeeka: imeshanyonya hewa ya ukaa na kugeuka kalsiamu kaboneti. Tafuta nyingine.

Hatua ya 2: Mchanganyiko

Chemsha mililita 100 za maji kwa dakika 10 ili oksijeni iliyoyeyuka itoke. Yeyusha gramu 5 za glukosi humo, funika, acha ipoe bila kutikisa hadi nyuzi 35 mpaka 40 za Selsiasi. Huna kipimajoto? Dondoshea tone kwenye kifundo cha mkono. Liwe vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Hapa ndipo watu wengi huua hamira kwa haraka yao, maana kufikia nyuzi 60 seli zimekufa.

Tia gramu 2 za hamira, koroga polepole, kisha mimina mafuta juu yawe tabaka la sentimita moja kuzuia hewa.

Chupa ya pili iwe vilevile kabisa, isipokuwa hamira yake umeichemsha kwa dakika 5 na kuipoza. Usiiruke chupa hii. Bila hiyo huwezi kudai kwamba kilichotoa gesi ni uhai.

Hatua ya 3: Kuunganisha

Pitisha mrija kwenye kizibo, ncha ya ndani ikae juu ya mafuta, ncha ya nje izame kwenye mililita 20 za maji ya chokaa. Paka mafuta ya mgando kuzunguka kizibo. Weka chupa zote mbili kwenye beseni la maji ya nyuzi 40.

Hatua ya 4: Kusoma majibu

Povu la dakika za mwanzo usilihesabu. Ni hewa ya ndani ya chupa inayotanuka kwa joto la beseni, na utaliona hata kwenye chupa ya hamira iliyokufa. Subiri mapovu yanayokuja kwa mwendo usiobadilika, moja baada ya jingine, na wingu jeupe linaloanzia kwenye ncha ya mrija.

Likitokea wingu, andika saa hapo hapo. Ukiacha hadi kesho yake unaweza kukuta weupe umefifia au umeisha, ukadhani jaribio limeshindwa. Gramu 5 za glukosi zikichachuka zote hutoa zaidi ya lita moja ya hewa ya ukaa, zaidi ya mara 100 ya kiasi kinachohitajika kuyafanya meupe yale maji ya chokaa. Hewa inayozidi huyeyusha kalsiamu kaboneti na kuifanya kalsiamu haidrojeni kaboneti, isiyoonekana. Kuthibitisha, chemsha maji hayo yaliyong'aa: weupe hurudi.

Jambo jingine: ukitoa chupa kwenye beseni mrija ukiwa bado umezama, chupa ikipoa itavuta maji ya chokaa ndani. Toa mrija kwanza.

Hakuna povu kabisa baada ya nusu saa? Kagua kizibo kwanza, kisha joto la beseni, mwisho tarehe ya hamira.

Hatua ya 5: Unachoandika

Fungua chupa, nusa: harufu ya pombe. Kila molekuli ya glukosi imetoa mbili za ethanoli, mbili za hewa ya ukaa, na seli imejiwekea akiba ya ATP 2 (molekuli za kubebea nishati ndani ya seli). Kwa oksijeni ingepata takriban 30 hadi 32 (vitabu vya zamani huandika 38). Usiandike kwamba nishati iliyobaki imepotea. Sehemu kubwa bado imo ndani ya ethanoli, ndiyo maana spiriti huwaka. Na hamira haitengenezi pombe ili kupata ATP zaidi; inarudisha NAD⁺ (molekuli inayopokea elektroni glukosi inapovunjwa), ambayo isipopatikana hata zile ATP 2 hukoma.