Kuchagua skii za miteremko iliyosawazishwa kwa mtu mrefu na mzito

Kazi yangu ni kunoa na kurekebisha skii, yaani zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, katika karakana moja ya jimbo la Salzburg, Austria. Nina urefu wa sentimita 192 na uzito wa kilo 104. Miaka mingi nilichaguliwa skii kwa kipimo kimoja tu: isimamishe wima, ikikufika puani, ichukue. Kwa njia hiyo duka moja liliniuzia jozi ya sentimita 182. Asubuhi ya kwanza, kwenye mteremko mwekundu (wa ugumu wa kati) uliokuwa umeganda usiku kucha, pua za skii, yaani ncha za mbele, zilianza kutetemeka kabla sijafikia hata kasi yangu ya kawaida. Katikati ya kona ya kushoto mkia ukaachia, nikaporomoka kwa ubavu hadi kwenye wavu. Urefu ulikuwa sawa kabisa. Tatizo lilikuwa ndani: hamkuwa na kitu cha kunibeba.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anajua: unashuka mteremko mweusi, ule mgumu kuliko yote, bila kuganda miguu, unakata kona kwa makali matupu ukaacha mistari miwili myembamba nyuma yako, na mizani inasoma kilo 95 kwenda juu.

Hatua ya 1: Jua mzigo unaoubebesha skii

Panda mizani ukiwa umevaa kila kitu, kuanzia helmeti hadi buti. Jozi ya buti peke yake ni kama kilo 4.

Sasa hesabu ndogo. Ukienda kilomita 54 kwa saa, yaani mita 15 kwa sekunde, na kona yako ikiwa tao lenye nusukipenyo cha mita 15, mtu wa kilo 75 anazikandamiza skii kama mtu wa kilo 137. Mimi wa kilo 104 nazikandamiza kama mtu wa kilo 190. Kwenye mizani tunapishana kilo 29. Kwenye kona tunapishana 53, na sehemu kubwa ya mzigo huo inaangukia skii moja, ile ya nje. Ndiyo maana skii ambayo rafiki yako mwembamba anaisifia inaweza kukuangusha wewe.

Hatua ya 2: Chagua kona kabla ya kuchagua chapa

Karibu na mkia utakuta namba, kwa mfano 121-68-102 na R 14.5. Tatu za kwanza ni upana wa pua, kiuno na mkia kwa milimita. R ni nusukipenyo cha tao ambalo umbo la skii limechongwa kulifuata, kwa mita, na hubadilika kadiri urefu wa skii unavyobadilika.

R ya 12 hadi 13 ni ya kona fupi za haraka, mtindo wa slalomu, yaani mbio za kupinda kati ya nguzo zilizokaribiana. R ya 17 hadi 19 ni ya kona ndefu zenye kasi. Kati yake, 14 hadi 16, kuna skii zinazokubali zote mbili, na kama unanunua jozi moja tu, anzia hapo. Ukiteleza Jumamosi kwenye mteremko uliojaa familia na watoto, R ya 19 itakulazimisha uende kasi ambayo si salama kwao. Skii za wanaume za mashindano ya slalomu kubwa, ambayo nguzo zake zimeachana zaidi, zenye sentimita 193 na R ya 30, waachie wanaofungiwa njia.

Hatua ya 3: Urefu

Usiutazame peke yake. Ramon Zenhäusern wa Uswisi ana urefu wa takriban mita 2, na alichukua medali ya fedha ya slalomu kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, katika mchezo ambao wanaume hutumia skii za sentimita 165. Kwa mwili kama wangu naanzia hapa: 165 hadi 170 kwa slalomu, 175 hadi 180 kwa za kati, 180 hadi 186 kwa kona ndefu.

Hatua ya 4: Kiuno

Utaambiwa mtu mzito anahitaji skii pana. Kwenye theluji laini isiyoshindiliwa hilo ni kweli, maana upana humwelesha. Kwenye theluji iliyopitiwa na mashine usiku hakuna pa kuzama. Kiuno kipana hapo kinachelewesha skii kulalia makali yake, na mzigo wa ziada unaishia kwenye goti. Kaa kati ya milimita 66 na 72 kama unateleza asubuhi tu. 74 hadi 80 kama unabaki hadi alasiri theluji inaporundikana.

Ila kama mguu wako ni mkubwa, angalia buti. Ukilala sana kwenye kona, buti pana juu ya kiuno chembamba hugusa theluji na kuinua makali. Tafuta skii iliyowekewa bamba chini ya baindingi, kile kifaa kinachoshika buti juu ya skii, ili uinuke kidogo.

Hatua ya 5: Kilichomo ndani

Hapa ndipo pesa yako inapokwenda. Unatafuta kiini cha mbao kuanzia pua hadi mkia, na mabati mawili ya titanali, moja juu ya kiini na moja chini. Licha ya jina lake, titanali ni aloi ya alumini. Inameza mtetemo, na pamoja na tabaka za nyuzi za kioo inaizuia skii isijisokote. Kujisokota ndiko kunakomponza mtu mzito: katikati ya skii imeuma theluji vizuri, lakini pua na mkia vimelegea kama ulimi wa kiatu.

Jaribu kwa mikono. Shika pua kwa mkono mmoja, mkia ukae sakafuni, sukuma katikati kwa mkono wa pili. Ipinde kwa mkunjo mmoja mrefu, isikunjike pua peke yake. Kisha ishike pua na ujaribu kuisokota kama nguo unayoikamua. Ikikutii kwa urahisi, irudishe.

Tahadhari na rangi. Redster ya Atomic, RC4 ya Fischer, Dobermann ya Nordica, Racetiger ya Völkl, Laser ya Stöckli: haya ni majina ya familia za skii, na katika familia nyingi za namna hii jozi ya bei ya chini hufanana kwa sura na ile ya juu huku ndani ikiwa nyepesi. Uliza muuzaji waziwazi, mabati ni mangapi na yanafika wapi.

Wala usikimbilie ile ngumu kuliko zote. Skii hukata kona kwa sababu inapinda. Ukiwa taratibu na mtoto wako kwenye mteremko rahisi wa bluu, hata kilo 104 hazitaipinda.

Hatua ya 6: Jaribu mara mbili

Kodi siku nzima. Kabla ya kutoka dukani omba makali yanolewe, digrii 87 au 88 ubavuni, kwa kuwa skii butu itakufanya uilaumu bure. Panda na lifti za kwanza: mteremko uleule, kona zilezile, jozi mbili tofauti. Sikiliza mtetemo chini ya nyayo na angalia mstari uliouacha. Rudia saa nane mchana, miguu imechoka.

Hatua ya 7: Baindingi

Mtajie fundi kilo zako za kweli. Namba ya kufyatuka, yaani kipimo cha nguvu inayoifanya baindingi iachie buti ukianguka, inatoka kwenye jedwali la kiwango cha kimataifa cha ISO 11088: uzito, kimo, umri, urefu wa soli ya buti na namna unavyoteleza. Ukifikisha miaka 50 jedwali linaishusha. Nunua baindingi ambayo namba yako inaangukia katikati ya kipimo chake, si ukingoni. Na ukibadilisha buti, hata za saizi ileile, zilete karakana pamoja na skii: soli ikipishana milimita chache tu, kisigino hakikandamizwi ipasavyo.