Somo: Tiketi ya Angkor Wat, na namna ya kupanga siku zako

Wapendwa, tangu niweke picha zangu za Kambodia, kila wiki napokea maswali yale yale: tiketi inanunuliwa wapi, siku ngapi zinatosha, nivae nini. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Naandika hapa mara moja, naomba msome hadi mwisho kabla ya kuuliza. Nimekwenda mara tatu, na safari ya kwanza nilipoteza pesa na alfajiri nzima kwa kosa ambalo bado naona watu wanalirudia.

Kwanza tuelewane: Angkor si jengo moja. Ni hifadhi kubwa yenye mahekalu mengi ya ufalme wa Wakhmer, kaskazini ya mji wa Siem Reap, na imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1992. Angkor Wat ndilo kubwa kuliko yote, lilijengwa na mfalme Suryavarman II katika nusu ya kwanza ya karne ya 12. Tiketi moja inakuingiza humo na pia Bayon, Ta Prohm, Banteay Srei na mengine mengi. Kwa hiyo jiulize kwanza una siku ngapi.

Hatua ya 1: Chagua idadi ya siku. Kwa mgeni: siku 1 ni dola 37 za Marekani, siku 3 ni dola 62, siku 7 ni dola 72. Ile ya siku 3 si lazima zifuatane, unazitumia ndani ya siku 10. Ya siku 7 unaitumia ndani ya mwezi mmoja. Ushauri wangu ni siku 3.

Hatua ya 2: Nunua kwa wenyewe tu. Yaani tovuti au programu rasmi ya Angkor Enterprise (shirika la serikali yao linalouza tiketi), au kituo chao cha tiketi kilichoko kilomita chache kutoka katikati ya mji. Mlangoni mwa hekalu hawauzi.

Hatua ya 3: Hesabu siku sawasawa. Hapa ndipo nilipoanguka. Nilifika kituoni mnamo saa tano asubuhi, nikanunua tiketi ya siku moja, nikiamini nina saa 24. Nikapanga mchana nizunguke Bayon, kisha alfajiri ya kesho nikaone jua likichomoza Angkor Wat. Saa kumi na moja alfajiri niko kwenye kizuizi, gizani, mlinzi anamulika tiketi yangu na kutikisa kichwa: tarehe imepita. Ikabidi dereva anirudishe kituoni, nikapanga foleni, nikalipa dola 37 nyingine. Niliporudi jua lilikuwa limeshapanda juu ya minara. Pigeni hesabu wenyewe: nililipa dola 74 kwa siku mbili, wakati tiketi ya siku 7 ni dola 72.

Kwa hiyo shikeni haya. Siku ya tiketi ni tarehe ya kalenda, haihesabiwi kwa saa. Ukinunua saa nne asubuhi, ile alfajiri umeshaipoteza. Na usipange kununua alfajiri ya siku ya kwanza, maana wote wanaowahi jua wako kwenye foleni hiyo hiyo. Njia nzuri ni hii: nenda kituoni jioni ya kuamkia siku yako ya kwanza, saa kumi na moja. Tiketi inayouzwa kuanzia saa hiyo huandikwa tarehe ya kesho, lakini unaruhusiwa kuingia jioni hiyo hiyo kutazama jua likizama, na siku yako haiguswi. Ila usichelewe, kituo hufungwa saa kumi na moja na nusu. Ukinunua mtandaoni, kagua tarehe ya kuanza mara mbili kabla ya kulipa.

Jambo jingine linaloingia hapa hapa: uwanja wa ndege. Maelezo mengi ya zamani yanasema uwanja uko dakika chache kutoka mjini. Huo ulifungwa. Tangu Oktoba 2023 ndege zinatua uwanja mpya ulio zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini, weka saa nzima ya barabara. Ndege ikitua saa kumi jioni, kituo cha tiketi usikihesabu kwa siku hiyo.

Hatua ya 4: Pesa. Dola zinatumika kila mahali, ila noti iliyochanika hata kidogo hukataliwa. Chenji ndogo utarudishiwa kwa riel, pesa ya kwao, karibu 4,000 kwa dola moja.

Hatua ya 5: Mavazi. Mabega na magoti yafunikwe, mwanamume kwa mwanamke. Hapa ni mahali pa ibada hadi leo, watawa wa Kibudha utawakuta wanasali.

Hatua ya 6: Usafiri. Chukua bajaji ya kukodi kwa siku nzima (ile ya kwao ni kitoroli kinachovutwa na pikipiki, wanaiita remork), mpatane bei na mahekalu kabla ya kuondoka.

Hatua ya 7: Panga kwa saa za kufungua. Angkor Wat hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Ta Prohm, Bayon na mengine mengi hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Basi jua likishachomoza usikimbilie chai. Umati wote unaondoka wakati huo, nawe ingia ndani ya Angkor Wat penyewe. Nenda ukumbi wa mashariki, utafute mchongo wa kisa cha Kihindu cha kusukwa kwa bahari ya maziwa: mita 49 za ukuta, majitu upande mmoja na miungu upande wa pili wanavuta nyoka mkubwa kama kamba, mungu Vishnu katikati. Nilisimama pale karibu saa nzima na nilikuwa na watu wanne tu.

Roshani ya juu kabisa, inayoitwa Bakan, hupanda watu 100 kwa wakati mmoja, na hufungwa siku takatifu za Kibudha, ambazo hufuata mwezi. Muulize mwenye nyumba ya wageni usiku wa kuamkia.

Kilima cha Phnom Bakheng kwa machweo kinapokea watu 300 kwa wakati mmoja. Saa kumi uwe umeshapanda.

Viza siigusi hapa, kila pasipoti ina masharti yake.

MASWALI

Kibuyu: Bei gani kwa siku moja?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Mzee wa Safari: Dada, mimi na mke wangu tuna siku mbili. Tukinunua moja ya siku 3 tukapokezana, yeye leo mimi kesho, inawezekana?

Mwandishi: Haiwezekani. Tiketi ina picha ya uso wako na inakaguliwa karibu kila hekalu unaloingia. Kila mmoja anunue yake.

Ngoma Nzito: Dola 37 kuangalia mawe? Mimi nimesoma mahali ni 20. Mnatupotosha.

Mwandishi: Sikupotoshi. Ilikuwa dola 20 hadi Januari 2017. Tangu Februari 2017 ni 37. Ulichosoma ni cha kabla ya hapo. Na katika kila tiketi dola 2 zinakwenda kwenye hospitali za watoto za Kantha Bopha, ambazo hutibu watoto bure. Mimi nalipa kwa moyo mweupe.

Pwani Tulivu: Asante sana kwa somo, dada. Dereva nimeshampata, nimemwandikia aje hotelini saa 10:30 alfajiri ili niwahi jua. Nimefanya sawa?

Mwandishi: Futa ujumbe huo sasa hivi, ndugu yangu! Saa yetu na yao si moja. Saa kumi na nusu yetu ya alfajiri, wao wanaandika 4:30. Ukimwandikia 10:30 atakuja kukuchukua saa nne na nusu asubuhi, jua liko utosini. Mtumie "4:30" na neno la Kiingereza la asubuhi, akujibu kwa kurudia saa hiyo. Naona na wengine mnachanganya: saa zote nilizoandika kwenye somo ni za Kiswahili. Mkisoma tovuti yao, ongezeni au punguzeni sita.

Pwani Tulivu: Alhamdulillahi nimeuliza. Nimeshamtumia, amejibu 4:30.

Mama Wawili: Dada, nina mtoto wa miaka 11 na wa miaka 13.

Mwandishi: Chini ya miaka 12 anaingia bila tiketi, lakini beba pasipoti yake kila siku maana watataka kuona umri. Wa miaka 13 analipa kama wewe. Kwa Bakan, ngazi ni kali mno. Huyo mdogo haruhusiwi kupanda, chini ya miaka 12 hawapandishwi. Abaki chini na mtu mzima mmoja, mkapokezana.

Zuhura wa Bara: Nina fulana isiyo na mikono. Nikijitanda kanga mabegani inatosha?

Mwandishi: Kwa Bakan haitoshi. Wanataka nguo yenye mikono yenyewe, si kitu cha kujitanda. Nimemwona dada akirudishwa chini ya ngazi baada ya foleni ndefu, na mtandio wake mzuri tu. Kanga ibebe kwa ajili ya kukalia na kufuta jasho.

Msoma Ramani: Nina swali la udadisi. Nimesoma kwamba Angkor Wat linatazama magharibi. Sasa kwa nini kila mtu anakwenda kulipiga picha asubuhi, jua likiwa nyuma yake?

Mwandishi: Swali zuri kuliko yote mpaka sasa. Ni kweli, mahekalu mengi ya Wakhmer yanatazama mashariki, hili linatazama magharibi. Asubuhi unapata kivuli cheusi cha minara mbele ya anga nyekundu, na taswira yake kwenye bwawa. Watu husongamana kwenye bwawa la kushoto unapoingia. Ila ukitaka kuona jiwe lenyewe, rangi yake na michongo ya mbele, rudi alasiri, jua linalipiga usoni. Ndiyo sababu nang'ang'ania siku 3.

Kwa nini magharibi? Kabla ya kuwa la Kibudha, hekalu liliwekwa wakfu kwa Vishnu, na wapo wataalamu wanaomhusisha na upande huo. Wengine wanasema lilikusudiwa pia kuwa kaburi la mfalme, kwa sababu magharibi ni upande wa wafu na michongo ya kuta inafuatana kinyume cha mwendo wa saa, kama katika ibada za mazishi za Kihindu. Na ukiweza kwenda karibu na tarehe 21 Machi, usiku na mchana vinapolingana, ukisimama kwenye njia ya mawe ya mbele utaona jua likichomoza juu kabisa ya mnara wa kati. Wajenzi walilipima hilo.

Msoma Ramani: Nimebadilisha tarehe zangu kwa ajili ya jibu hili. Banteay Srei je, panafaa? Ni mbali.

Mwandishi: Nenda, ndugu. Ni zaidi ya kilomita 30, mwongezee dereva kitu. Hekalu ni dogo, la mwaka 967, jiwe lake ni la waridi na limechongwa laini kama ubao. Fika linapofunguliwa, vyumba ni vidogo na watu kumi tu wanalijaza.

Kijana wa Ziwani: Naongezea. Mimi nilikwenda Septemba, msimu wa mvua. Mvua ilikuwa inapiga mchana, asubuhi kukavu. Mahandaki yamejaa maji, kuvu la kijani kwenye mawe, watu wachache. Wasiogope mvua, ila viatu viwe vya kushika, mawe yanateleza.

Mwandishi: Asante sana, hilo sikuliandika. Mimi safari zangu zote zilikuwa Desemba na Januari, kukavu lakini umati.

Kibuyu: Na Phnom Kulen, kule mlimani, imo kwenye tiketi hii?

Mwandishi: Haimo, ina tiketi yake, na ni safari ya siku nzima. Mashua za ziwa Tonle Sap nazo ni malipo mengine.

Kibuyu: Sawa. Nimesoma hatua zote sasa. Nanunua ya siku 3, jioni saa kumi na moja.

Mwandishi: Toka hotelini saa kumi na robo.