SOMO: Igizo ambalo mtazamaji anaingia kuigiza

Wanachama, leo tujifunze kuandaa igizo linalowafanya wanakijiji wajadili haki bila kuhubiriwa. Njia hii ilianzishwa na Augusto Boal wa Brazil miaka ya 1970. Kwetu, miaka ya 1980, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, wakatunga maigizo pamoja na wanakijiji, kwa ngoma zao wenyewe. Mfano wetu ni mjane anayefukuzwa shambani na ndugu wa marehemu.

Hatua ya 1. Sikilizeni. Kaeni na wanawake, vijana na wazee, kila kundi peke yake. Mjane hatafunguka mbele ya shemeji yake. Shikeni maneno yanayosemwa hasa, kama "mali ya ukoo haitoki nje". Hayo ndiyo yatakayobeba igizo.

Hatua ya 2. Tungeni igizo fupi, dakika 15 zinatosha, na liishie pabaya: mjane anafunga virago, basi. Vikundi vingi hupenda kumleta mwenyekiti wa kijiji mwishoni aamue kwa haki. Msifanye hivyo! Jibu likitoka kwa waigizaji, watu watapiga makofi na kutawanyika. Shemeji naye mpeni hoja za kweli, mfano hofu kwamba mjane akiolewa tena shamba litamfuata mume mpya.

Hatua ya 3. Rudieni igizo tangu mwanzo. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mtazamaji akiona pa kubadilisha apaze sauti, "Simama!", aje ashike nafasi ya mjane. Asishike ya shemeji, kwa sababu mkandamizaji kugeuka mwema ghafla hakumpi mjane mbinu yoyote. Mtu akianza kueleza akiwa amekaa, mwezeshaji, yaani anayeongoza onyesho, amwambie: "Njoo utuonyeshe." Waigizaji wasimlegezee, wambane kama maisha yanavyobana. Mmoja atamwita mjomba, mwingine atataja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayompa mwanamke haki sawa na mwanamume. Kila baada ya jaribio ulizeni: hili linawezekana hapa? Nani atalizuia?

Hatua ya 4. Andikeni waliyokubaliana, nani atayapeleka mkutano mkuu wa kijiji, na lini. Boal mwenyewe alipokuwa diwani Rio de Janeiro miaka ya 1990, maigizo kama haya yalizaa sheria za jiji.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, kwetu wanawake hawasimami kuigiza wazee wakiwepo.
Jibu: Anzeni na onyesho la wanawake peke yao. Wakishajaribu wao kwa wao, watachagua wenyewe nani asimame mbele ya wote.

Swali: Familia ikidai tumewaigiza wao?
Jibu: Changanyeni visa kadhaa, badilisheni majina, idadi ya watoto, hata zao la shamba. Kama kuna shauri lililo barazani sasa hivi, kiacheni kisa hicho kabisa. Mjane huyo ndiye atakayeumia.

Swali: Mtu akiingia na kusema mjane avumilie tu?
Jibu: Mwacheni aigize mpaka mwisho. Kisha, angali katika nafasi ya mjane, mwezeshaji amuulize: "Usiku wa leo watoto wako watalala wapi?" Ajibu yeye, si mwezeshaji.