Baiskeli Bourgogne bila kukutana na malori: Chalon hadi Mâcon hatua kwa hatua

Wadau habari zenu. Mlioko huku Ulaya mnaniuliza kila siku nawezaje kuzunguka vijijini Ufaransa siku mbili nzima bila kupigiwa honi hata moja, mnadhani labda nina bahati. Bahati hakuna, barabara tulivu unaitafuta kwenye ramani usiku kabla hujaondoka, asubuhi unaenda tu kukanyaga pedeli. Mi naishi Lyon kwa hiyo nitatumia njia ninayoijua vizuri, Chalon-sur-Saône mpaka Mâcon kusini mwa eneo la Bourgogne, kama kilomita 75 ukinyoosha. Mi sinyooshi, nalala njiani.

Hatua ya 1: shika reli ya zamani

Kati ya Givry na Cluny zamani ilipita treni. Reli zikang'olewa, na mwaka 1997 wakaifungua kama voie verte, yaani njia ya baiskeli na waenda kwa miguu peke yao, ya kwanza Ufaransa nzima, kilomita 44, na kutoka Chalon kuna njia ya kukufikisha mpaka hapo Givry. Hakuna gari, hakuna pikipiki. Uzuri wa njia ya reli ni kwamba treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo wale mafundi wa enzi hizo walishakuchongea vilima na kukujazia mabonde, wewe unateleza tu. Stesheni kadhaa bado zimesimama pembeni ya njia, unapita ukutani jina la kijiji lipo, treni haipo.

Inapokatiza barabara ya magari kuna vizuizi, punguza mwendo, mara nyingi wewe ndiye wa kusimama. Watu wanajisahau hapo kwa sababu wametoka kilomita kumi bila kuona gari.

Ila nikwambie ukweli, ukibaki humo mwanzo mpaka mwisho utachoka roho kabla ya miguu. Sehemu nyingi miti iko kushoto na kulia, vilima unaviona kwa mbali kama picha ya kalenda. Ile lami ni uti wa mgongo, utamu uko kwenye mbavu. Ndio maana kuna hatua ya pili.

Hatua ya 2: soma rangi (hapa usiwe mvivu)

Tafuta ramani ya karatasi ya Michelin ya eneo hilo. Barabara kubwa ni nyekundu, zinazofuata ni njano, halafu kuna nyeupe nyembamba kama nyuzi zimetapakaa kila mahali. Wewe ni mtu wa nyeupe. Ufaransa ina barabara zaidi ya kilomita milioni 1 na sehemu kubwa ni hizo za vijijini, na zina lami jamani, unakuta njia ya kwenda kwa ng'ombe sita ina lami safi kuliko mtaa niliokulia.

Lakini sio kila nyeupe ni shwari, kila ukiiona jiulize nani anaitumia na anaenda wapi. Kama kati ya vijiji viwili kuna njano na nyeupe zinakwenda sambamba, chukua nyeupe bila kufikiria, wenye magari wote wako kwenye njano. Kama nyeupe ndio njia pekee ya mkato kutoka mji mdogo kwenda kwenye barabara kuu, iepuke, saa 11 jioni watu wakitoka kazini inakuwa Mandela Road. Na kama nyeupe inaishia kwenye shamba la zabibu au kanisa la kale halafu inapinda kurudi ilikotoka, hiyo sasa ndio yenyewe, utakutana na trekta moja na dereva atakupungia mkono.

Ramani hizo zina vimshale vidogo juu ya barabara, ncha inaelekea kunakopanda. Kimshale kimoja ni mwinuko wa asilimia 5 mpaka 9, viwili ni 9 mpaka 13, vitatu ni zaidi ya hapo, na vitatu ukiwa na mabegi pembeni shuka tu ukokote, hakuna anayekuangalia zaidi ya ng'ombe.

Ukishachora njia yako kwenye simu, fungua picha za barabarani za kwenye mtandao uangalie kitu kimoja tu: kuna mstari mweupe katikati ya lami? Kama upo ujue magari yanapishana hapo kwa kasi. Kama hakuna, barabara ni nyembamba, dereva anajua lazima apunguze, na wengi hawaji kabisa. Hiki kimstari kimeniokoa kuliko programu zote nilizowahi kulipia.

Hatua ya 3: baiskeli

Tairi pana kidogo, milimita 35 hivi, na gia nyepesi sana kwa nyuma. Nilikwenda na shemeji yangu kutoka Brussels na baiskeli yake ya mashindano, tairi kama uzi, nikamwambia shem hiyo hapana akasema wewe mzee. Kilima cha kwanza baada ya Chapaize nikasikia nyuma yangu, "Shem, hii njia tulivu kwa sababu watu wote walishafia hapa!" Alipata pancha mbili siku hiyo. Beba tyubu ya akiba, viraka na solusheni, pampu, na spana zako, vijijini fundi wa baiskeli usimtegemee. Fulana ya kung'aa pia, nje ya mji usiku au kukiwa na ukungu sheria inakutaka uivae.

Hatua ya 4: treni ya kwenda

Panda TER, ile ya mkoa, kutoka Lyon Part-Dieu kuelekea Dijon na ushuke Chalon. Mimi baiskeli sijawahi kuilipia kwenye treni hiyo. TGV, treni ya mwendo kasi, ni habari nyingine, huko uwe umelipia nafasi ya baiskeli mapema au umeifungua na kuitia kwenye begi.

Hatua ya 5: msosi na maji

Hapa ndipo wageni wanapoumia. Saa 6 mchana mpaka saa 8 kijiji kinafungwa, duka limefungwa, ofisi imefungwa, mbwa kalala. Jumatatu hata waoka mikate wengi wanapumzika. Safari yangu ya kwanza nilianza Jumatatu kama mjanja, nikapita vijiji vitatu milango yote chini, mchana nikala karanga na nusu ndizi iliyopondeka chini ya begi. Siku hizi nanunua mkate na jibini ya mbuzi ya Mâconnais mapema asubuhi, kale kadogo kama kifuniko cha chupa, na mambo yanaisha.

Ukiingia dukani anza na bonjour, kabla hujaonyesha kidole wala kuuliza bei. Ni kama shikamoo kwa bibi, usipoitoa utahudumiwa lakini utaona uso.

Maji nenda makaburini. Sitanii, makaburi ya vijijini kwa kawaida yana bomba la kumwagilia maua. Soma kibao kwanza, kikisema eau non potable hayo sio ya kunywa. Kuna siku najaza chupa akaja mzee na ndoo yake ya maua, nikajua nimekamatwa, kumbe akanisogezea ile ndoo nisimamishe baiskeli isianguke, akasubiri kimya mpaka nimalize.

Hatua ya 6: chepuka Cormatin

Siku ya kwanza fuata reli kupitia Givry, Buxy na Saint-Gengoux-le-National mpaka Cormatin, halafu toka, elekea mashariki kwenda Chapaize. Mnara wa kanisa lake, wa karne ya 11, utauona kabla hujaona kijiji. Kaa hapo upumzike maana baada ya hapo ni kupanda kwenda Brancion, kijiji cha mawe juu ya kilima chenye ngome na kanisa dogo ukingoni, magari ya wageni yanaachwa nje. Kutoka ukingo ule unaona bonde la mto Grosne lote, ng'ombe weupe wa Charolais wametawanyika kama vipande vya pamba, na unachosikia ni kengele na cheni yako ikipoa. Rudi Cormatin kwa nyeupe nyingine, usirudie ile ile.

Ukiwa umekulia parokiani, kati ya Cormatin na Cluny utapita chini ya kilima cha Taizé, kwenye jumuiya ya watawa, ndio wale wa zile nyimbo fupi za kurudiarudia, wale wale waliofanya mkutano wa vijana Nairobi mwaka 2008.

Lala Cluny. Tafuta nyumba ya wageni yenye kibao cha Accueil Vélo, yaani wanaokaribisha wenye baiskeli, hao wana pa kufungia baiskeli salama. Abasia ya hapo ilianzishwa mwaka 910 na kanisa lake liliwahi kuwa kubwa kuliko yote ya Kikristo duniani, baada ya Mapinduzi ya Ufaransa wakalibomoa kuuza mawe, kimebaki kipande tu.

Hatua ya 7: handaki la Bois Clair

Kutoka Cluny njia inapanda taratibu halafu inaingia chini ya mlima, kilomita 1.6. Vaa jaketi kabla hujaingia, hata Julai mle ndani ni friji. Majira ya baridi linafungwa kwa sababu popo wanalala humo, hapo itabidi upande juu ya mlima pamoja na magari, kwa hiyo mi naenda Mei au Septemba. Septemba uwindaji unaanza, ukiona kibao cha chasse en cours vaa rangi kali na usikatize msituni.

Ukitoka upande wa pili ni mteremko na zabibu mpaka unakaribia Mâcon.

Hatua ya 8: kurudi

Stesheni unayoitaka ni Mâcon-Ville, katikati ya mji. Ile nyingine, Mâcon-Loché, ni ya TGV na iko nje ya mji. Mimi nilifuata kibao cha kwanza chenye neno gare, yaani stesheni, jua likizama, nikafika Loché natokwa jasho, treni yangu ya TER ikiwa inaondoka kule mjini.