Masafa ya kujiamini ya asilimia 95: namna ya kuyakokotoa na namna ya kuyasoma

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam alirudishiwa sura ya matokeo ya tasnifu yake kwa sababu ya sentensi moja. Alikuwa ameandika kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 kuwa jibu la kweli limo kati ya namba mbili alizozipata, yaani mipaka ya masafa ya kujiamini (makadirio yanayotolewa kama eneo kati ya namba mbili badala ya namba moja). Hesabu yake ilikuwa sahihi. Usomaji wake ndio uliokuwa na kasoro. Hatua tulizozipitia ni hizi, na takwimu za mfano nimezibuni.

Hatua ya 1: Taja kundi unalolisemea

Tuseme unataka kujua ni asilimia ngapi ya wauzaji wa nguo Kariakoo hupokea malipo kwa simu. Orodhesha maduka na vizimba vyote, kisha chagua kwa bahati nasibu. Ukipita Mtaa wa Kongo tu na kuwahoji waliokaa bega kwa bega, majibu yatafanana kwa kuwa majirani wa biashara huigana, ilhali kanuni inayofuata huchukulia kwamba kila jibu linajitegemea. Masafa yatatoka membamba kuliko inavyostahili.

Hatua ya 2: Kokotoa

Wauzaji 78 kati ya 120 wamesema hupokea malipo kwa simu, yaani 0.65. Zidisha 0.65 kwa 0.35, gawanya kwa 120, tafuta kipeuo cha pili: kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi jibu linavyoyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine, ni 0.0435. Lizidishe kwa 1.96, namba inayoendana na asilimia 95, kisha toa na ujumlishe kwenye 0.65. Masafa ni asilimia 56.5 hadi 73.5.

Hatua ya 3: Fahamu ile 95 ni sifa ya nini

Hapa ndipo wengi hukwama, na kusoma maelezo tena na tena hakusaidii sana. Asilimia ya kweli ya wauzaji wote ni moja tu, haihami, ila hatuijui. Kinachobadilika ni sampuli, na pamoja nayo mipaka ya masafa. Mtakwimu Jerzy Neyman, aliyeijenga nadharia hii katika makala yake ya mwaka 1937, aliweka wazi kwamba 95 ni sifa ya njia yenyewe inaporudiwa mara nyingi kwa sampuli mpya. Masafa uliyokwisha kuyapata ama yameunasa ukweli ama yameukosa.

Njia bora ya kuliona jambo hili ni kujifanya unaujua ukweli. Natumia R, programu ya takwimu ya kuandika amri, ambayo ni ya bure, na siwashauri wanafunzi waanze na programu za kubofya menyu, kwani hutoa jibu bila kuonyesha njia. Andika rbinom(10000, 120, 0.65), upate sampuli 10,000 kutoka soko la kubuni ambalo ukweli wake ni 0.65. Kokotoa masafa ya kila sampuli kwa kanuni ya hatua ya 2, kisha hesabu ni mangapi yanaibeba 0.65. Utakuta ni takribani 95 katika kila 100.

Usiishie hapo. Badilisha ukweli uwe 0.02 na sampuli iwe ya watu 30, urudie. Masafa yanayonasa ukweli yatashuka chini ya nusu, ingawa juu yake bado umeandika 95. Sababu yake ni kwamba uwezekano wa kutompata katika sampuli hata mtu mmoja anayepokea malipo kwa simu ni 0.98 kwa kipeo cha 30, yaani karibu 0.55, na kila inapotokea hivyo kanuni hukupa masafa ya kuanzia sifuri hadi sifuri, kana kwamba una hakika kamili.

Hatua ya 4: Tumia kanuni ya Wilson

Hii ni kanuni nyingine ya kukokotoa masafa; mwanahisabati Edwin B. Wilson aliitoa mwaka 1927, na sioni sababu ya kufundisha nyingine kwanza, isipokuwa kwamba ile ya hatua ya 2 hukokotoleka kwa mkono. Katika R ni prop.test(78, 120, correct = FALSE), nayo hutoa asilimia 56.1 hadi 72.9. Kwa sifuri kati ya 30, mpaka wa juu huwa asilimia 11.4.

Hatua ya 5: Andika matokeo

"Asilimia 65 ya wauzaji waliohojiwa hupokea malipo kwa simu (masafa ya kujiamini ya 95%: 56.1 hadi 72.9, sampuli 120)." Anayetaka kutamka uwezekano wa jibu lenyewe atumie njia ya Bayes, inayounganisha imani ya awali na data, na aeleze alichoamini kabla ya kukusanya data. Msimamizi akitaka masafa yapungue kwa nusu, mweleze kwamba itabidi uhoji takriban wauzaji 480, kwa kuwa upana hupungua kwa kipeuo cha pili cha ukubwa wa sampuli.