Vibrio kwenye chupa ya damu: hatua za benchi

Wenzangu wa maabara, Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, tumezoea kumtafuta kwenye kinyesi. Akiota kwenye damu, wengi hudhani ni uchafu tu wa sampuli. Bakteria huyu ana makundi zaidi ya 200, na ni O1 na O139 tu yanayoleta milipuko ya kipindupindu. Mengine hukaa baharini na midomoni mwa mito. Humwingia mtu kwa chaza wabichi au kidonda kilicholowa maji, na mwenye ugonjwa wa ini, kisukari au saratani anaweza kufa kwayo.

Hatua ya 1. Damu itolewe kabla ya antibiotiki. Mtu mzima: mililita 8 hadi 10 kila chupa, seti mbili, sehemu mbili tofauti za mwili.

Hatua ya 2. Chupa ikionyesha uoto, piga rangi za Gram (rangi za kutofautisha bakteria chini ya hadubini). Ukiona vijiti vyekundu vilivyopinda kama alama ya mkato, piga simu wodini saa hiyohiyo. Jina kamili litafuata. Muulize muuguzi kuhusu ini, vidonda na vyakula vya baharini.

Hatua ya 3. Panda kwenye sahani za kuoteshea bakteria: agari ya damu, MacConkey na TCBS (agari maalum ya Vibrio), nyuzi 35 hadi 37, usiku kucha. Kwenye TCBS makoloni huwa ya njano.

Hatua ya 4. Hapa tulia. Kwa kipimo cha oksidesi (kimeng'enya ambacho Vibrio anacho), chukua koloni ya agari ya damu, kamwe si ya TCBS. Mimi niliwahi kuchota ile ya njano, jibu likatoka hasi, siku nzima ikapotea na mgonjwa anaungua homa. Bado inaniuma.

Oksidesi ikiwa chanya, weka kwenye slaidi tone la sodiamu deoksikoleti ya asilimia 0.5, koroga koloni humo, subiri dakika moja. Inua kitanzi taratibu: ute unavutika kama mlenda wa bamia. Aeromonas, ndugu wa majini ambaye naye ni chanya kwa oksidesi, kwa kawaida hatoi uzi huo.

Hatua ya 5. Jaribu antiseramu (majimaji yenye kingamwili zinazogandisha bakteria wa kundi lake) za O1 na O139, pamoja na tone la salaini la kulinganishia. O1 ikigandana, toa taarifa siku hiyohiyo kwa wanaofuatilia milipuko. Zote zikikataa, usiandike "si kipindupindu" ukafunga faili! Andika: "Vibrio cholerae, si O1 wala O139, kutoka kwenye damu." Daktari akisoma "si kipindupindu" peke yake anaweza kusimamisha dawa, na huyu anahitaji antibiotiki ya mshipa, maji ya chumvi na sukari hayatamtibu.

Hatua ya 6. Pima usugu wa dawa, kisha hifadhi bakteria kwenye gliseroli, friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Maabara ya rufaa ikimhitaji kuthibitisha kundi lake, awepo.