Kabla Hujafungua Miguu ya Mbele ya Prado Mwenyewe

Gari likianza kugonga mbele, usikimbilie duka la spea. Tafuta kwanza kinachogonga. Wako wengi walionunua shokapu mbili mpya, wakazifunga, na mlio ukabaki palepale kwa sababu kilichokuwa kimekufa ni linki ya stabilaiza, kijispea kidogo tu.

Weka jeki chini ya mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na chesisi), karibu na gurudumu, uinue mpaka tairi liachane na ardhi kidogo. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na ulitikise tena: likitulia, beringi ya habu, yaani ya kitovu cha gurudumu, ndiyo imekwisha, likiendelea kucheza, tazama boljointi, ile jointi ya gololi mwishoni mwa mkono. Kisha shika kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo mara nyingi ni wa tairodi, chuma cha usukani kinachogeuza gurudumu. Mwisho pitisha mtaimbo chini ya tairi, uliinue taratibu huku mwenzako akimulika boljointi ya chini kwa tochi. Bushi, zile raba za pale mkono unaposhikana na chesisi, nazo zinataka macho: raba iliyopasuka, iliyobanduka kwenye chuma chake, au bomba la ndani lililohama kutoka katikati.

Haya yanahusu Prado ya J90 (1996 hadi 2002), ya J120 (2002 hadi 2009) na Hilux Vigo, yaani magari yenye mikono miwili kila upande na springi iliyozunguka shokapu. Mwenye Land Cruiser pikapu ya 79 ana ekseli nzima mbele, kwa hiyo spea zake ni nyingine, lakini asiondoke: suala la kukaza bolti za bushi, linalokuja hapa chini, linamhusu vilevile.

Mwenye J90 asicheze na boljointi ya chini hata kidogo. Kwenye gari hilo uzito huivuta ile jointi badala ya kuikandamiza. Kifuko cha raba kikipasuka, vumbi la Solai au la Mogotio huingia kwenye grisi na kuigeuza msasa. Gololi inalika, kikombe kinapanuka, na siku moja gololi inachomoka: mkono unaanguka, gurudumu linalala chini ya bodi, na gari linakaa kwa pua. Ukiona mchezo hapo, gari halitoki tena mpaka jointi ibadilishwe. Inashikwa na bolti 4. Nunua na bolti zake mpya. Kulia na kushoto ni spea mbili tofauti, kwa hiyo usikubali kuuziwa mbili za upande mmoja.

Nunua kwa namba ya chesisi, si kwa kumwambia muuzaji "ya Prado". Hesabu kamili ya mbele ni hii: bushi 4 kila upande (2 za mkono wa juu, 2 za mkono wa chini), boljointi 2 kila upande, tairodi 1 kila upande, linki za stabilaiza 2 na raba zake 2. Kwa modeli nyingine boljointi ya juu huja na mkono wake mzima. Si lazima ubadilishe vyote, lakini unachobadilisha kulia badilisha na kushoto. Usiamini boksi. Maandishi ya Kijapani huchapishwa popote. Toa spea nje, geuza gololi kwa mkono: iwe nzito na laini, isilegee wala isikwame kwame.

Halafu kuna bolti zenye kemu (kisahani ambacho tundu lake haliko katikati), zile za mkono wa chini ambazo hurekebisha alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu. Hizi ndizo humaliza Jumamosi ya watu. Bolti hukaa miaka ndani ya bomba la bushi bila kuguswa, kutu inaziunganisha, na magari yanayoishi karibu na ziwa huwa na hali mbaya zaidi. Ukifungua nati inatoka vizuri, ukafurahi, kisha bolti inazunguka pamoja na bomba na haichomoki. Ukiipiga nyundo unaharibu nyuzi. Inabaki grainda: kukata bolti pande zote mbili, kati ya bushi na chesisi, kwa uangalifu usile bracketi. Kwa hiyo mwagia mafuta ya kulegeza kutu siku tatu nne mapema, asubuhi na jioni, na uwe na bolti za kemu mpya, washa zake na nati kabla hujaanza. Zisipohitajika, rudisha dukani. Zikihitajika na huna, gari litalala juu ya stendi mpaka Jumatatu. Kabla ya kulegeza, piga alama ya rangi kwenye kemu na kwenye chesisi. Bila alama hiyo hutafika hata kwa fundi wa alaimenti bila gari kuvutana na wewe.

Vifaa: soketi na spana, hasa 17, 19, 22 na 24, mpini mrefu, toki-renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), jeki moja nzuri, stendi mbili za tani 3, kabari za magurudumu ya nyuma, waya wa kufungia kalipa ya breki, nyundo mbili, pini mpya za nati. Matofali si stendi. Rimu iliyolazwa si stendi. Fanya kazi kwenye saruji. Udongo wa Nakuru ni laini. Ukilazimika kuufanyia kazi, kila stendi iwe juu ya ubao mnene, na kama mvua za Machi hadi Mei zimeanza, ahirisha.

Ukifika kwenye shokapu, utaona juu kuna nati tatu ndogo kandokando na moja kubwa katikati. Zile tatu zinashika shokapu kwenye bodi. Ile ya katikati inazuia springi iliyobanwa. Usiiguse ikiwa gari limeinuliwa, usiiguse shokapu ikiwa mezani, usiiguse kabisa bila mashine ya kubana springi. Ikiachiliwa, kile kifuniko kinaruka kwa nguvu ya kumvunja mtu taya. Kama huna mashine, toa shokapu pamoja na springi yake nzima, uipeleke kwa mwenye nayo.

Sasa jambo linaloua spea mpya kuliko mashimo ya barabarani. Kabla jeki haijagusa gari, likiwa limesimama sawa kwa magurudumu yote manne, chukua futi ya seremala upime kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi juu yake. Andika, kulia na kushoto. Dakika mbili, basi.

Sababu yake ni hii. Bushi ya mkono si beringi, haizunguki. Raba yake imegandishwa kwenye bomba la nje na bomba la ndani. Bomba la nje limebanwa kwenye mkono, la ndani linabanwa na bolti kati ya kuta mbili za bracketi ya chesisi. Mkono ukipanda na kushuka, kinachotokea ni raba kujipinda, kama kitambaa kinachokamuliwa kidogo kisha kikaachiwa. Pale utakapokaza bolti ndipo raba itakapopahesabu kuwa nyumbani.

Chukua gari lililofungwa bushi mpya likiwa juu ya stendi. Magurudumu yananing'inia, mikono imeshuka mpaka mwisho, fundi anaona nafasi ni nzuri, anakaza kila kitu kwa nguvu, anashusha gari. Likigusa chini mikono inapanda, na bushi zote zinajipinda kabla gari halijasonga hata hatua moja. Pua inasimama juu kidogo kuliko zamani. Mwenye gari anaona springi zimepata nguvu, anashangilia. Analipeleka alaimenti, linapimwa likiwa katika kimo hicho cha uongo. Kisha anashuka Marigat, anakunja kuelekea Kabarnet. Kila shimo linaikamua raba ambayo tayari imekamuliwa. Wiki chache baadaye pua imeshuka, alaimenti imepotea, tairi linaliwa upande mmoja. Chini ya mkono kuna unga mweusi wa raba, na ule mlio wa zamani umerudi. Anaambiwa spea zilikuwa feki. Pengine zilikuwa halisi kabisa. Alizichana mwenyewe siku ya kuzifunga.

Kwa hiyo, ukiwa juu ya stendi, bolti zote za bushi zikaze kwa mkono tu, ziguse. Funga kila kingine. Rudisha magurudumu, shusha gari, liyumbishe mara kadhaa kwa kusukuma bampa ya mbele, au lisogeze mbele na nyuma mita chache ili magurudumu yajipange. Hapo ndipo unaingia chini na toki-renchi, ukikaza kwa kipimo kilichomo kwenye kitabu cha modeli yako. Kuingia ni rahisi kwenye shimo la gereji. Nyumbani, shusha magurudumu juu ya mbao pana nzito, kabari nyuma, handibreki juu. Kama hilo haliwezekani, acha chesisi kwenye stendi, weka jeki chini ya mkono wa chini na uuinue taratibu mpaka umbali kutoka habu hadi bodi ulingane na ule ulioandika. Fanya hivyo kulia, kisha kushoto. Gari likianza kuinuka kutoka kwenye stendi kabla hujafikia kipimo, acha njia hiyo, rudi kwenye mbao. Bushi za mkono wa juu zifuate kanuni ileile, na ile ya chini ya shokapu pia, watu huisahau.

Kutoa boljointi kwenye koni yake, pale shina lake lililochongoka linapokaba tunduni, kunataka akili kuliko nguvu. Legeza nati lakini iache kwenye nyuzi chache, ili mkono usikurukie. Tumia pula, kifaa cha kuchomolea jointi, au piga kwa nyundo ubavu wa tundu huku nyundo nyingine imeegemea upande wa pili. Mtikisiko hufungua koni. Usipige ncha ya bolti, utaikunja. Kalipa ifungwe kwa waya, isining'inie kwenye paipu ya breki. Waya wa ABS uondolewe mapema, na nakoo, chuma kinachobeba habu, isiachwe ikaanguka nje, itavuta sivijointi, ile jointi ya shafti inayozungusha gurudumu.

Bushi za zamani usizichome moto kwenye mkono. Moshi ni sumu na joto hupinda chuma. Mafundi wenye presi wako, kuanzia jua kali ya Kibuye pale Kisumu hadi gereji za Nakuru. Ukiwa hapo simama uangalie: presi isukume bomba la nje, kamwe si la ndani, na alama iliyokuwa kwenye bushi ya zamani ielekee kulekule kwenye mpya. Kulainisha, maji ya sabuni. Grisi ya kawaida hula raba.

Nati za koni zenye mifereji hukazwa kwanza kwa kipimo. Tundu la pini lisipolingana, songa mbele hadi tundu linalofuata. Usirudishe nyuma hata kidogo. Pini mpya kila mara.

Ukimaliza, alaimenti, hata kama alama zako zililingana. Jaribio la kwanza liwe barabara tambarare, mwendo mdogo, dirisha wazi usikie. Si mteremko wa Iten kushukia Tambach. Baada ya kilomita 100 hivi kagua bolti zote tena, na nati za magurudumu. Ukiwa chini ya gari, watoto wasiwe karibu, na mtu mzima awepo anayejua uko huko. Laza gurudumu moja chini ya chesisi kama akiba. Spea za zamani ziweke kwenye gunia kwanza, usizitupe mpaka gari limezunguka wiki moja. Kuna siku utahitaji kupima bomba la bushi kwa ile ya zamani. Na stima ikipotea katikati ya kukata bolti, usimalizie gizani kwa tochi ya simu.